Leso Isiyo na Mtu

Mwanamke akifa Mtongwe, huku Likoni, hupigwa simu mbili. Ya kwanza huenda kwa wachimba kaburi. Ya pili huenda kwa Barke.

Barke alikuwa mwosha maiti. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, Bi Samiha, ambaye naye aliirithi kwa mama yake. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mikono mipana, na sauti ya chini. Watu walimheshimu sana, lakini walimheshimu kwa mbali. Akienda dukani kununua sukari, foleni ilijifungua yenyewe. Akimshika mtu bega kwa salamu, mtu huyo alikwenda nyumbani kuoga.

"Si vibaya," Barke alikuwa akisema. "Muuza duka hanipunji. Ajua siku moja nitamgeuza ubavu."

Iko desturi: maiti akishaoshwa, baadhi ya nguo zake hupewa mwoshaji. Barke alikuwa na sanduku zima la leso, yaani kanga, za marehemu, naye alizivaa bila wasiwasi. Ndiyo sababu Mtongwe mtu aliweza kumzika shangazi yake mwezi wa pili, na mwezi wa nane akaiona leso ya shangazi ikivuka barabara, ikiwa na kikapu cha samaki.

Leso moja tu hakuivaa. Ilikuwa ya Mwanakombo.

Mwanakombo alikuwa rafiki yake tangu walipokuwa wakipika mchanga kwenye vifuu vya nazi. Chanjo ya korona ilipofika kwa watu wa umri wao, Mwanakombo alikuja mbio.

"Barke, twende tukachanjwe. Mimi peke yangu naogopa sindano."

"Wacha wengine waanze," Barke alijibu. "Sisi tutazame kwanza."

Basi wakatazama. Mwezi wa tatu ukapita, wa nne, wa tano. Mwezi wa saba Mwanakombo akaanza kukohoa. Akakohoa siku nane. Siku ya tisa, simu ya Barke ikalia.

Alimwosha akiwa amevaa glavu, barakoa na joho la plastiki lililoletwa na watu wa afya. Mikono iliyomjua Mwanakombo miaka hamsini ilimgusa kupitia mpira. Baada ya matanga, leso yake ililetwa, imekunjwa vizuri. Pindo lake lilikuwa jeusi. Mji wake, yaani sehemu ya kati, ulikuwa mwekundu, wenye maua ya duara. Kila ua lilizungukwa na miba midogo. Na jina lake, yale maneno yanayoandikwa juu ya pindo, lilikuwa hili:

NIMEPITA KWAKO HUKUNIJUA

Barke aliitundika kwenye kamba, upande wa miguu ya kitanda chake. Hakuivaa, wala hakuitoa. Kila asubuhi alipofungua macho, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa maneno hayo.

Bi Samiha aliishi chumba cha pili. Alikuwa na miaka themanini na minne. Miguu yake ilikuwa imekwisha kustaafu, lakini ulimi wake bado ulikuwa kazini. Barke alimwogopea. Yeye huingia nyumba za wagonjwa na wafu. Itakuwaje akiuleta ugonjwa kwa mama yake? Ndipo akamwita jirani yao, Dorcas Kafedha, ambaye watu walimwita Mama Tinga. Dorcas alikuwa mhudumu wa afya ya jamii. Alizunguka nyumba kwa nyumba na mkoba wake wa buluu.

"Shikamoo, Bi Samiha," Dorcas alisema. "Zahanati wako tayari kuja kukuchanja hapa hapa kitandani."

"Marahaba, mwanangu. Achanjwe Barke kwanza. Akibaki na akili zake, nami nitachanjwa. Akirukwa na akili au akifa, basi mimi nitakuwa nimepona."

"Mama!" Barke alisema.

"Kwani nimekosea? Mtu huonja mchuzi kabla ya kupakua."

Hivyo Jumanne asubuhi Barke alikwenda zahanati. Alichomwa sindano mkono wa kushoto, karibu na bega. Alikalishwa robo saa atazamwe. Dorcas alimweleza mengi, lakini Barke alisikia nusu. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya kirusi cha korona. Kilikuwa duara, kimezungukwa na miba. Barke alikitazama asiondoe macho. Aliliona ua hilo kila asubuhi, kwenye kamba.

Katika maneno yote ya Dorcas, alichoshika ni "utaumwa kidogo". Na kidogo cha watu wa hospitali, sote twajua, hakina kipimo.

Jioni ile baridi ilimwingia. Meno yaligongana. Mifupa iliuma kama imepondwa kinuni. Akajifunika leso tatu, na blanketi, na jamvi. Kulipokucha, mwili uliwaka moto.

Watu husema usiku ndio wa kuogopwa. Usiku umesingiziwa. Wa pwani twajua saa ya kutisha: saa saba mchana. Jua liko utosini. Kivuli cha mtu kimejificha chini ya nyayo zake. Kuku wamenyamaza, na njiani hapiti mtu. Saa hiyo wazee walitukataza kukaa kizingitini, na hawakutuambia sababu.

Saa saba mchana Jumatano, Barke alifungua macho.

Hapakuwa na upepo. Pazia la dirisha lilikuwa limekufa. Lakini leso ya Mwanakombo ilitikisika. Kwanza pindo, kidogo tu. Kisha ikaanza kujaa. Ilijaa polepole, kama mtu anavyovuta pumzi. Juu yalitokea mabega mawili. Katikati palitokea kiuno. Chini ya pindo hapakuwa na miguu. Juu ya mabega hapakuwa na kichwa. Ilikuwa leso imesimama, na ndani yake hamna mtu.

Harufu ya kafuri ilijaa chumbani, ile kafuri ya kuoshea maiti.

Barke alitaka kuinuka. Mkono wa kushoto ulikataa. Ulikuwa mzito, kama umeshikwa. Akausikiliza vizuri, kwa kuwa kazi yake ni kujua miili kwa kugusa. Naam, ulikuwa umeshikwa. Vidole vinne vilikuwa begani, hasa pale palipoingia sindano. Kidole gumba kilikuwa kwapani, kikibonyeza. Alipeleka mkono wa kulia kwapani. Akakuta donge gumu, la moto, ukubwa wa kokwa ya ukwaju.

"Mwanakombo," alinong'ona. "Niliosha kila mahali. Wanidai nini?"

Leso ilivuta pumzi nyingine. Maua yake yote ya miba yalimtazama.

"Nilikwambia tutazame. Najua. Nilikwambia mimi."

Fatma, binti yake, alikuwa akichagua mchele uani. Alisikia sauti akaja. Alimkuta mama yake ameikazia macho kamba, jasho likimtoka.

"Yuasema na nani huyo?" Bi Samiha aliuliza kutoka chumba cha pili.

"Na leso, bibi."

"Nayo yamjibu?"

"Sijui, bibi. Mimi nasikia upande mmoja tu."

Bi Samiha akaichukua simu yake, ile aliyoifunga kwa uzi shingoni. Akampigia ndugu yake.

Mjomba Mwinyihaji alifika na mkoba wa ngozi. Alikuwa mpiga chuku. Humchanja mtu kwa wembe, akaweka pembe la ng'ombe juu ya jeraha, akavuta damu mbaya itoke. Alikuwa mtu mwema, mwenye mikono myepesi na masikio mazito. Alimtazama Barke. Akabonyeza bega. Akatikisa kichwa.

"Mtoki umemtoka kwapani," alisema. "Kuna kitu kimepandia hapa. Kilichoingia kwa sindano hutoka kwa pembe. Nitakivuta chote, sindano na mwenyewe."

"Kitoe, mjomba," Barke alisema. Alikuwa analia. "Mwambie aniwache mkono."

"Basi ni hivyo," Bi Samiha alisema kutoka chumba cha pili, kwa sauti ya kufunga kesi. "Mwambieni Mama Tinga sindano yake asiipitishe mlango wangu. Mchuzi nimeuonja, una sumu."

Fatma alisikia neno hilo akashtuka. Bibi asipochanjwa, itakuwaje? Mama yake ataendelea kwenda nyumba za wagonjwa. Siku moja atarudi na kile kikohozi cha Mwanakombo. Akavaa viatu kinyumenyume, akakimbia kwa Dorcas.

Mjomba Mwinyihaji hakuwa na haraka. Alipanga pembe zake tatu juu ya kigoda. Akafungua wembe. Akaushika mkono wa Barke, akatafuta mahali.

"Bismillahi," alisema.

"Hodi!" Dorcas alisema mlangoni, akihema. "Hodi, mjomba! Ngoja!"

"Asema nini?" mjomba aliuliza.

"Asema ngoja!" Fatma alipiga kelele.

"Kungoja chukuni ni mkosi."

"Na kukata mtu asiyehitaji kukatwa ni nini?" Dorcas alisema. Alishaingia. Alivaa barakoa yake, akakaa kitandani na kutoa kipima joto. "Bi Barke, pole dada. Niambie kweli. Pumzi yako yapita vizuri?"

"Yapita."

"Kifua chauma?"

"La."

"Uso au ulimi umevimba? Una vipele? Kichwa chauma sana kiasi cha kushindwa kuona?"

"Kichwa chauma, lakini naona. Naona hata nisivyotaka kuviona."

Dorcas alisoma kipimo. "Thelathini na nane na nusu. Ni homa. Homa yenyewe imeletwa na mwili wako, si na mtu mwingine. Fatma, lete maji ya kunywa na vile vidonge vya homa nilivyompa jana. Mmempa?"

Fatma alimtazama mama yake. Mama yake alitazama ukuta. Vidonge vilikuwa bado kwenye pindo la leso aliyoivaa jana, vimefungwa fundo.

Barke alimeza vidonge. Kisha akanyoosha kidole kwenye kamba.

"Mama Tinga, usinione mwendawazimu. Leso ile ilisimama. Ilikuwa na mwili, haina mtu. Na mkono wangu umeshikwa na mkono ninaoujua."

Dorcas hakucheka. Mtu anayecheka mgonjwa hafai kupewa mkoba wa buluu. Aliinuka, akaitazama leso, akasoma jina lake. Akarudi akakaa.

"Bi Barke, ukifumbwa macho, waweza kumjua mtu kwa kumgusa?"

"Maiti? Naam. Nimewaosha ndugu wawili wa kike, nikajua yupi ni yupi kwa kisigino."

"Basi sikiliza. Ndani ya mwili wako muna waoshaji kama wewe. Ni chembe nyeupe za damu. Ni nyingi mno, na hazina macho. Hupita mwili mzima zikigusagusa. Zikigusa kitu cha mwilini, husema, huyu wa kwetu. Zikigusa kitu kigeni, hupiga kelele."

"Hazina macho," Barke alirudia polepole.

"Hazina. Sasa, kile kirusi cha korona huvaa leso. Ndiyo ile miba uliyoiona kwenye picha. Kwa miba hiyo hujishika kwenye mwili wetu na kuingia ndani. Mara ya kwanza kikija, chembe zako hazijawahi kuigusa leso ile. Kinapita. Mpaka zishike shauri, kimeshazaa mamilioni mapafuni. Mwingine mwili wake huwahi. Mwingine hauwahi."

Barke aliyatazama maneno ya leso. NIMEPITA KWAKO HUKUNIJUA.

"Mwanakombo hakuwahi," alisema.

"Hakuwahi. Si kosa lake, wala si kosa lako peke yako. Wengi walisubiri." Dorcas alimshika mkono. "Jana, chanjo haikukutia kirusi cha korona. Imetia kielelezo tu, kama kile cha mchapa leso. Chembe za mkono wako zimepokea kielelezo, zikaanza kuchapa leso ile ya miba. Leso tu. Mvaaji hayumo."

Barke aligeuka kuitazama kamba.

"Leso isiyo na mtu," Barke alisema.

"Ndiyo hiyo. Iko mkononi mwako sasa hivi. Haiwezi kukuua, kwa kuwa ndani yake hamna wa kuua. Itachapwa muda mfupi, kisha kielelezo kitaharibika na leso zitachanikachanika ziishe. Lakini waoshaji wako wameigusa. Wameshtuka. Wengine wamechukua kipande, wamekipeleka kwapani. Kwapani pana tezi. Pale ndipo barazani pao. Wanaitana: njooni mguse, mkariri huu mgongo, huu ukingo, hii miba. Wanaongezeka. Ndio huo mtoki. Si kidole gumba cha mtu. Ni mkutano."

"Mkutano kwapani mwangu!" Barke alisema. Kwa mara ya kwanza tangu jana, mdomo wake ulicheza. "Nao hawakuomba ruhusa."

"Na moto huu wa homa ni wao wanaowasha. Kelele zao hukufanya utetemeke na uchoke."

"Na kuiona leso imesimama?" Fatma aliuliza.

"Homa kali huweza kumwonyesha mtu mambo," Dorcas alisema. "Na mtu huonyeshwa kile kilicho moyoni."

Ndivyo alivyosema Dorcas. Mimi sikuwepo chumbani, nami sibishani na mhudumu wa afya.

"Na kafuri?" Barke aliuliza. "Nimeisikia kafuri."

"Mama," Fatma alisema, "wewe waweka kafuri chini ya kitanda."

Mjomba Mwinyihaji bado alikuwa ameshika wembe. Alikuwa amesikia theluthi.

"Kwa hiyo nivute au nisivute?"

Dorcas alimsogelea sikioni. "Usivute, mjomba! Chanjo si maji yaliyotuama. Hayo mafunzo yameshaanza, pembe halivuti mafunzo. Utamtia kidonda tu, na kidonda kitatunga usaha. Na pembe likitoka kwa huyu likaenda kwa yule, laweza kuhamisha ugonjwa wa damu."

"Pembe zangu nazioshea ndimu!"

"Ndimu ni ya samaki, mjomba."

Mjomba alizirudisha pembe mkobani moja moja, kama mtu anayezika. Akauliza kama chai ipo. Chai ilikuwepo.

"Sasa nisikilizeni," Dorcas alisema. "Homa hii hukaa siku moja, mbili, au tatu. Anywe maji, apumzike, ameze vidonge kama nilivyoeleza. Mkono msiusugue, msiupake dawa. Mtoki huweza kukaa wiki kadhaa kabla ya kunywea. Lakini homa ikizidi siku tatu, au pumzi ikibana, au kifua kikiuma, au mguu ukivimba, au kichwa kikiuma na kisiache, msimpigie mjomba wala msinipigie mimi. Nendeni hospitali."

Kutoka chumba cha pili ikaja sauti. "Mama Tinga! Hao waoshaji wasio na macho, wakishakariri, hawasahau?"

"Wengine hubaki na kumbukumbu, Bi Samiha. Huzunguka mwilini wakisubiri. Wengine hutengeneza kingamwili, vitu vidogo vinavyoigandama ile miba isiweze kushika. Huchukua kama wiki mbili kukariri vizuri. Halafu ile sindano ya pili huwakumbusha. Kama mwanafunzi na jedwali la hesabu."

"Mimi jedwali la saba sikulijua mpaka leo."

"Ndiyo maana kuna sindano ya pili. Na baadaye hata ya tatu, kwa wazee na walio dhaifu, kwa sababu kumbukumbu hupungua. Na sikudanganyi. Mtu aliyechanjwa aweza kuambukizwa. Aweza kukohoa. Lakini mgeni akibisha, wenyeji washamjua. Wengi huumwa kidogo, wala hawafiki kaburini."

Bi Samiha akaanza kukoroma. Mzee akitaka kufikiri, hujifanya amelala.

Alhamisi alasiri homa ya Barke ilishuka. Ijumaa alikuwa amekwisha kuinuka. Saa saba mchana alisimama mbele ya kamba. Alinyoosha mkono, akaigusa leso ya Mwanakombo kwa vidole vitupu, bila mpira. Ilikuwa kitambaa. Ilikuwa laini, na bado ilikuwa na harufu ya udi wa mwenyewe.

"Nami nitajifunza kukujua," aliiambia.

Akaenda kumwosha mama yake miguu.

"Akili zako zimerudi?" Bi Samiha aliuliza.

"Zimerudi, mama."

"Saba mara nane?"

"Hamsini na sita."

"Mwite Mama Tinga."

Wiki iliyofuata Bi Samiha alichanjwa kitandani, amevaa mkufu kama bibi harusi. Alisubiri homa. Homa haikuja. Alisubiri leso isimame. Hakuna kilichosimama. Hata mkono haukumuuma. Siku ya tatu alikasirika.

"Nimepunjwa! Barke amepewa dawa, mimi nimepewa maji."

Dorcas alicheka. "Hapana, bibi. Maumivu si kipimo. Kuna baraza la kelele na kuna baraza la kunong'ona. Miili ya wazee mara nyingi hunong'ona. Kazi yafanyika kwenye yote mawili. Lakini sindano ya pili usiikose."

Hawakuikosa. Barke alipochomwa mara ya pili, baridi ilikuja tena, ndogo. Alijifunika akasema, "Karibuni barazani." Fatma naye alichanjwa, na wanawake wa mtaa wakafuata mmoja mmoja. Walikuwa wanachungulia dirishani kuona kama mwosha maiti bado yu hai. Walipomwona anakaanga samaki, walikwenda zahanati.

Mwezi wa kumi na mbili ulipoisha, korona ilirudi tena Likoni kwa kishindo. Fatma alikuwa akichambua mitumba kwenye ghala moja Changamwe. Alirudi koo limemkwaruza. Siku mbili baadaye Barke alianza kukohoa. Siku ya tatu, kutoka chumba cha pili, alisikia sauti aliyoiogopa kuliko zote. Bi Samiha alikohoa.

Dorcas alipanga wapimwe. Majibu yalikuwa ya aina moja kwa wote watatu. Ni korona.

Dorcas aliacha kibanio kidogo cha kubana kidoleni, cha kupima hewa iliyomo katika damu. "Kikishuka chini ya tisini na nne, nipigie, twende hospitali hapo hapo."

Siku mbili Barke hakukaa kitandani mwake. Alikaa kwenye kigoda chumbani mwa mama yake, barakoa usoni, dirisha wazi, akisikiliza. Yeye alijua kukohoa kwa watu. Nyumba nyingi alizoingia zilikuwa zimekohoa hivyo kwanza. Alisikia kikohozi, kisha pumzi. Kikohozi, kisha pumzi.

Siku ya pili, saa saba mchana, kuku walinyamaza. Njiani hapakupita mtu. Kupitia mlango aliiona leso ya Mwanakombo kwenye kamba. Haikutikisika. Ilikuwa imetulia mno, kama mtu anayesikiliza naye.

Ndipo Barke akagundua kitu. Chumbani pia palikuwa kimya.

Kikohozi kilikuwa kimeacha. Na pumzi pia.

Aliinuka. Bi Samiha alikuwa amelala chali, mikono kifuani, uso umenyooka. Barke alikuwa ameuona uso wa namna ile mara mia. Mikono yake ilifanya kazi yenyewe, kama ilivyofundishwa na mwanamke huyo huyo. Kiganja kilikwenda chini ya pua. Kidole kilikwenda shingoni. Mkono wa pili ukanyoosha kando ya mwili, kutoka bega mpaka kisigino.

Jicho moja la Bi Samiha likafunguka.

"Wanipima sanda?"

Barke aliketi sakafuni kwa kishindo.

"Mama! Mbona hukohoi?"

"Kwani kukohoa ni faradhi? Kimeondoka. Nilikuwa nimelala vizuri, mpaka mtu akanitia mkono wa kafuri puani." Akajigeuza ubavu mwenyewe. "Mwosha huoshwa, najua. Lakini si leo. Leo nataka uji wenye pilipili manga."

Barke alimbana kibanio kidoleni. Alikosa kidole mara mbili. Kiliandika tisini na saba.

Wiki ilipokwisha, wote watatu walikuwa wazima, wamebaki na uchovu tu. Kumbe mgeni alibisha, akaingia, akakuta wenyeji wameketi, leso yake wanaijua uzi kwa uzi.

Siku hiyo, jua likiwa utosini, Barke aliingia chumbani kwake. Aliitoa leso ya Mwanakombo kwenye kamba kwa mara ya kwanza. Akaikunjua. Akajifunga kiunoni, akakaza fundo. Ilimtosha sawasawa. Sasa ilikuwa na mtu ndani.

"Ulipita kwangu, sikukujua," alisema taratibu. "Huyu amepita, nimemjua. Ahsante, shoga yangu. Nisamehe."

Hapakuwa na upepo. Lakini pindo la leso liligusa kifundo cha mguu wake, kidogo, kama mtu anayeaga.

"Barke!" sauti iliita kutoka chumba cha pili. "Wasema na nani tena?"

"Na Mwanakombo, mama."



"Msalimie sana. Mwambie mimi sijafunga mizigo."